Barua kutoka Uingereza: Mtoto, Kiti na Sheria ya Gari



Nchini Uingereza, mtoto hapakatwi ndani ya gari la familia, hata katika safari fupi ya kwenda dukani, bali hutakiwa kukaa katika kiti chake maalumu mpaka atimize miaka 12 au afikie kimo cha sentimita 135, lolote litakalotangulia. Sababu yake inaeleweka: mkanda wa gari umepimwa kwa mwili wa mtu mzima, ambaye mkanda humkamata begani na nyongani, ilhali kwa mtoto mfupi hupita shingoni na tumboni, hivi kwamba gari likigonga, mkanda wenyewe huweza kumdhuru. Wazazi waliotoka Mombasa au Dar es Salaam, ambako ni kawaida mama kumpakata mwanawe katika matatu au daladala, huipokea kanuni hiyo bila ubishi mkubwa. Ugumu huwakuta wanapokwenda kununua kiti.

Kiti kinachokubalika hutambulika kwa lebo yenye herufi E ndani ya duara, lakini kanuni zinazotumika ni mbili. Ya zamani, R44, huainisha viti kwa uzito wa mtoto; mpya, R129, hutumia hasa kimo. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo 10 aweza kutazama mbele katika kiti cha R44, kwa kuwa amevuka kilo 9, lakini mtoto huyohuyo, akiwekwa katika kiti cha R129, lazima aendelee kutazama nyuma mpaka apite miezi 15. Wazazi wawili wakiulizana, kila mmoja husema kweli kwa kadiri ya kiti alichonacho, na bado majibu yao hupingana. Hali huwa ngumu zaidi kiti kinaporithiwa kutoka familia nyingine bila kijitabu chake cha maelezo.

Utata mwingine hutokana na ruhusa maalumu. Dereva wa teksi asipokuwa na kiti kinachofaa, mtoto aliye chini ya miaka 3 huruhusiwa kukaa nyuma bila mkanda, na aliyefikia umri huo au kuuzidi hufungwa mkanda wa watu wazima. Mzazi aliyeanza maisha ya ugenini kwa kupanda teksi hudhani kuwa jambo hilo linaruhusiwa pia katika gari lake, ilhali ruhusa hiyo ilitolewa kwa sababu teksi haiwezi kubeba viti vya kila umri, wala haimaanishi kwamba mtoto yuko salama humo. Kuhusu usalama huo, kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele kabla ya kuzimwa mfuko wa hewa, yaani puto linalofumuka ghafla wakati wa ajali, kwa kuwa puto hilo, linalomkinga mtu mzima, huweza kumuua mtoto mchanga.

Mambo haya yanawahusu pia akina bibi wanaosafiri kwenda kuwasaidia binti zao waliojifungua, wakakuta hawaruhusiwi kumpakata mjukuu njiani. Kwa abiria aliye chini ya miaka 14, mwenye kuwajibika kisheria ni dereva, na faini yaweza kufikia pauni 500. Mkwe anayekataa kuondoa gari kabla mtoto hajafungwa kitini, basi, hajamvunjia mama mkwe heshima.