Ile Picha ya Shisha Nimeifuta

Kati ya picha zangu zote hapa, iliyopendwa zaidi hata sura yangu haikuwa nayo. Ilikuwa mkono wangu tu, umeshika bomba la shisha, na nyuma yake chombo chenyewe: maua mekundu na ya buluu kutoka chini mpaka shingoni, kinang'aa kama gari la harusi. Niliipiga kwa beste yangu, Milimani, hapa Kisumu. Wasee wakajaa kuuliza chombo kilinunuliwa wapi. Hakuna aliyeuliza kuhusu moshi.

Wiki mbili baadaye binamu yangu, ana miaka 15, akanitumia picha yake. Mkono vilevile, pozi ileile, shisha ya watu wengine. "Nimeweza, ama?"

Manze, nilikaa chini.

Nikaanza kusoma kuhusu hayo maua, kwa sababu ndiyo yalinivuta hata mimi. Kumbe yana wenyewe. Iran, enzi za wafalme wa Qajar zilizoisha 1925, mafundi walipamba shisha zao kwa enameli, hasa kile kikombe cha juu kinachobeba makaa. Unasaga kioo kiwe unga, unatia madini ya rangi, kobalti kwa buluu, shaba kwa kijani, unapaka juu ya chuma, halafu tanuri, nyuzi 800 hivi. Kioo kinayeyuka na kung'ang'ania chuma. Rangi ya kawaida ingeungua na makaa, enameli haibabaiki. Walichora waridi, ndege, warembo wenye nyusi zilizokutana. Zingine leo ziko kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, London. Ukiziona utanyamaza.

Na usidhani ni mambo ya mbali. Kile kikombe cheupe chenye ukingo wa buluu, unachopewa chai nacho kwa nyanya ukienda ushago? Ni kazi ileile, bila maua. Kikianguka kinabanduka, unaona chuma cheusi chini, na hapo ndipo kutu huanzia.

Hivyo ndivyo ninavyoiona shisha siku hizi. Shirika la Afya Duniani linasema kikao cha saa moja kinaweza kukuvutisha moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Maji yanaupoza tu, sumu inapita. Lakini sigara inanuka na inaonekana vibaya, so tunaiogopa. Shisha ina maua na ladha ya tofaa, so tunapiga nayo picha.

Serikali iliipiga marufuku Desemba 2017, na tangu hapo ni misako na kesi. Binamu yangu hajui hata hiyo sheria. Anajua picha yangu.

Kuna stori moja ya hao hao Wairani inanipa moyo. 1890 mfalme wao aliuzia Mwingereza mmoja biashara yote ya tumbaku ya nchi. Mwaka uliofuata ikatoka fatwa, na watu wakaweka shisha chini, hata ndani ya jumba la mfalme inasemekana wake zake waligoma. Mapema 1892 mkataba ukafutwa. Hao ndio walikuwa na shisha maridadi kuliko zote duniani, na waliweza kuziacha siku walipoona zinawagharimu nini.

Basi nilimpigia kijana. Sikumhubiria, nani mimi? Nilimwambia picha ni yangu, kosa ni langu, na nimeifuta. Kisha nikamuuliza ilikuwaje. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nilikohoa mpaka nikalia, lakini hiyo sikuposti."

Mimi pia nilikohoa, wasee. Mimi pia sikuposti.