Nyumba ya Fahari: Tunduma au Vwawa?

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Zambia hupita Vwawa kwanza, kisha Tunduma. Na kati ya miji hii miwili ndipo tajiri wa Songwe hutatizika, ajenge wapi nyumba yake ya fahari.

Tunduma yakabiliana na Nakonde. Tangu 2019 nchi hizi mbili zina kituo cha pamoja cha forodha, hata hivyo malori yaendayo Zambia na Kongo mara nyingi hupanga foleni ndefu. Mwenye ghorofa hapo huliona duka lake kutoka dirishani. Lakini vumbi, moshi na honi haviheshimu marumaru, na watoto hucheza kando ya njia kuu (jambo ambalo wauzao viwanja hawalitaji!).

Vwawa, makao makuu ya mkoa huu ulioanzishwa 2016, imo katika nyanda za baridi za Mbozi, penye mashamba ya kahawa. Huko ua ni mpana na usiku ni mtulivu. Ila baba mwenye biashara mpakani huondoka alfajiri, akarejea watoto wamelala.

Ndugu msomaji, mimi ningemwuliza kwanza mama wa nyumba, kisha tungepanga Vwawa mwaka mmoja kabla ya kununua hata tofali moja.