Motokaa ya Kale Katika Njia ya Kyela

Tuanzie Uyole, pale njia ya kwenda Malawi inapoachana na njia kuu ya Dar es Salaam. Ukiishika njia hiyo ya kusini, kwanza utapanda katika baridi ya Rungwe, utapita mashamba ya viazi, ya ndizi na ya chai, nawe utafika Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Toka hapo nchi yote huinama mbele yako. Unashuka, masikio yanaziba, koti unalivua, na mwisho uko Kyela penye mpunga, kakao na michikichi, na Ziwa Nyasa liko karibu, katika kimo cha meta 475 hivi juu ya bahari. Tangu Tukuyu umeshuka zaidi ya meta 1,000. Mtu wa Kyela akinunua motokaa ya kale, hii ndiyo njia yake ya kwenda Mbeya na kurudi. Kwa hiyo yafaa tuijue njia kwanza, ndipo tuitazame motokaa.

Nikisema ya kale, nina maana ya zile zilizoundwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, yaani kabla ya mwaka 1939. Labda utacheka, lakini jambo hili laweza kubisha hodi kwako. Mtoto yuko Nairobi au Ulaya, amepata fedha zake, naye ameona Ford ya mwaka 1926 inauzwa, rangi yake inang'aa kama kioo. Anataka kuileta nyumbani. Anampasha baba yake habari, na baba anakwenda kumwuliza jirani. Usimkemee kijana upesi. Nchi yetu ya kusini ilizijua motokaa hizo: katika miaka ya 1930, dhahabu ya Lupa huko Chunya ilipowavuta watu wengi, magari ya namna hiyo yalipiga honi katika mji wa Mbeya uliokuwa bado mchanga. Na Kanisa nalo lilizitumia. Padre Paul Schulte, Mjerumani wa shirika la Waoblati, alianzisha mwaka 1927 chama cha MIVA cha kuwapatia wamisionari motokaa, mashua na hata ndege, kwa sababu rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, alikuwa amefariki kwa ugonjwa mwaka 1925 huko kusini-magharibi mwa Afrika, mbali na mganga.

Haya, tuichukue Ford ya namna ya T, maana ndiyo iliyo rahisi kupatikana. Tangu mwaka 1908 mpaka 1927 ziliundwa zaidi ya milioni 15, na vipuri vyake vingali vikitengenezwa Marekani hata leo. Injini yake ina nguvu za farasi 20, karibu sawa na bodaboda mbili zikifungwa pamoja. Ina pedeli tatu, lakini dereva wa leo akiketi humo atapotea: ya kushoto ni ya gia, ya katikati ni ya kurudi nyuma, ya kulia ni breki, na petroli huongezwa kwa mkono, kwa kijiti kilicho chini ya usukani. Kuiwasha kwa mpini kuna adabu yake. Kwanza ucheleweshe cheche kwa kijiti cha pili, kisha uvute mpini kwenda juu kwa mkono wa kushoto, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikumbatie chuma. Wengi walivunjika mikono kwa kuipuuza adabu hiyo.

Sasa ipandishe Tukuyu. Katika nyingi tangi la petroli liko chini ya kiti, na hakuna pampu. Petroli huteremka yenyewe mpaka kwenye injini, kama maji ya mfereji. Njia ikiwa ya mpando mkali na tangi lina petroli kidogo, injini inakuwa juu kuliko petroli, nayo huzimika. Watu wa zamani walifanyaje? Waligeuza motokaa, wakapanda kinyumenyume. Hebu fikiri mwenyewe, unakwenda Tukuyu na uso wako umeelekea Kyela!

Kushuka ndiko kwenye hatari. Breki ya mguu ya Ford hiyo ni mkanda mmoja tu, nao umo ndani ya sanduku la gia, si kwenye magurudumu. Kitu kikivunjika katika mhimili wa nyuma, breki hiyo imekwisha, na ya mkono inayobaki ni dhaifu. Dereva mwenye akili hushuka kwa gia ndogo, lakini gia ndogo yenyewe hudumu pale tu mguu unapoikanyaga pedeli bila kuiachia. Fanya hivyo kona baada ya kona, huku lori la mizigo la kwenda Kasumulu linakupigia honi mgongoni. Kwa maoni yangu, mtu wa Kyela asinunue ya namna ya T kwa safari za Mbeya, hata akipewa kwa bei ya mbuzi. Afadhali ile ya namna ya A, iliyoundwa tangu mwisho wa mwaka 1927 mpaka 1931: ina nguvu za farasi 40, breki zake zinafika magurudumu yote manne kwa vyuma vya kuvuta, na tangi lake liko juu, mbele ya kioo, hivi kwamba petroli haigomi mlimani. Breki za mafuta Ford hakuzitia mpaka magari ya mwaka 1939.

Adui wa pili ni maji. Kyela hupata mvua nyingi kupita sehemu nyingi za Tanzania, na mwezi wa Aprili mito kama Mbaka na Kiwira huweza kufurika mpaka mashambani. Motokaa nyingi za zamani zina mifupa ya mbao ndani ya bati la bodi. Mbao zinaoza, mchwa wanaingia, na nje rangi ingali inang'aa. Ziwa lenyewe lina mzee wa kutufundisha: meli Chauncy Maples ya misioni ya Waanglikana, iliyoletwa kutoka Uskoti vipande vipande na kushushwa majini mwaka 1901. Mwaka 1967 mitambo yake ya mvuke ilitolewa ikatiwa injini ya dizeli. Baadaye, huko Malawi, ulianzishwa mpango wa kuigeuza zahanati ya kuzungukia vijiji vya ziwani, lakini mpango huo haukutimia. Kununua injini mpya ni jambo moja. Chuma kilichokaa ndani ya maji miaka zaidi ya 100 ni jambo jingine.

Basi, ununuzi wenyewe uweje? Umewaona akina mama wakinunua vyungu vya Wakisi katika soko la Lyulilo, karibu na Matema. Hawatazami rangi. Wanakigonga chungu kwa kidole, wanasikiliza. Fanya vivyo hivyo: chukua sumaku ndogo uipitishe juu ya bati, isiposhika, hapo hapana bati, pana lipu iliyopakwa rangi. Choma mbao za mlango kwa ncha ya kisu. Lala chini utazame chesisi. Halafu uliza ushuru kabla ya kulipa hata senti moja, maana katika Tanzania gari dogo huongezewa ushuru kwa sababu ya umri wake, na jibu la ofisi ya TRA laweza kubadili mawazo ya kijana wako.

Na mama wa nyumba aulizwe. Fedha za kakao zina watu wengi wanaozingoja: karo, bati za nyumba, dawa. Motokaa ya kale haileti nauli kama bodaboda, inakula tu. Inataka banda kavu lenye sakafu iliyoinuliwa, grisi kila mara, na mtu mmoja wa nyumbani aliye tayari kujifunza, kwa kuwa fundi wa njiani aliyezoea Toyota hatajua sanduku la gia la mwaka 1926. Kama hayo yote yapo, na fedha ni ziada kweli, inunueni, mkamwombe Padre aibariki siku ya Mtakatifu Kristofa, tarehe 25 Julai, kama magari mengine.

Ila msiishushe mlimani kwa magurudumu yake. Ipakieni juu ya lori toka Mbeya, na iishi huku chini penye tambarare. Miezi ya ukavu, toka Agosti mpaka Oktoba, yaweza kwenda taratibu toka Kyela mpaka Ipinda, na toka Ipinda mpaka Matema, watoto wameketi nyuma, na milima ya Livingstone inasimama mbele yao juu ya maji.