Mzee na Kijana Uwanjani

Timu ya mpira wa kikapu ni nyumba ndogo. Uwanjani huingia watu watano tu kwa wakati mmoja. Nafasi apewayo mmoja ni nafasi anyimwayo mwingine. Timu ya wazee watupu hujua kila kitu ila kukimbia. Timu ya vijana watupu hukimbia kila mahali ila panapotakiwa. Kwa sababu hiyo watu hudhani dawa ni hesabu: wazee nusu, vijana nusu. Mambo ya timu ya Spurs ya San Antonio, katika Marekani, yaonyesha kuwa hesabu peke yake haitoshi.

Katika msimu wa 1996-97 David Robinson, nguzo ya timu hiyo, aliumia, akacheza michezo 6 tu kati ya 82. Spurs ilishinda mara 20, ikashindwa mara 62. Msiba ule ulizaa neema. Kwa kura ya mwaka 1997 timu ilipata haki ya kuchagua kwanza miongoni mwa vijana, ikamtwaa Tim Duncan, mzaliwa wa kisiwa cha St. Croix, mwenye miaka 21.

Hapo palikuwa na hatari. Robinson alikwisha kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1995. Angaliweza kumwona mgeni kuwa mnyang'anyi. Badala yake alimwachia nafasi ya kufunga, naye akajitia zaidi katika kazi ya kulinda. Mwaka 1999 walitwaa ubingwa, na sifa ya mchezaji bora wa fainali ikamwendea kijana. Robinson alistaafu mwaka 2003, akiwa na miaka 37 na ubingwa wa pili.

Zamu ikazunguka. Duncan naye alizeeka, na mwaka 2012 alikubali mshahara uliopungua kwa zaidi ya nusu. Kwa kuwa sheria za ligi huiwekea mishahara ya timu mpaka, alichokiacha mzee kiliweza kuwalipa wengine. Mwaka 2014 timu ilipata ubingwa wake wa tano. Duncan alikuwa na miaka 38. Mchezaji bora wa fainali alikuwa Kawhi Leonard, mwenye miaka 22.

Lakini Leonard alihamia Toronto mwaka 2018, kabla hajapata kuwa mzee wa nyumba ile, na mnyororo ukakatika. Hakuna sheria imlazimishayo mrithi kurithisha. Mzee ampishaye kijana hutoa bila dhamana: hajui kama alichokitoa kitafika kwa wa tatu.

Je, Robinson alikosea? La. Zawadi yake ilidumu miaka mingi baada ya yeye kuvua viatu vya mchezo. Mwalimu wa timu aweza kupanga umri wa wachezaji kwa kalamu. Hawezi kumwandikia mzee moyo wa kupungua kwa hiari, wala kijana moyo wa kukumbuka. Mioyo hiyo miwili ikikosekana, wazee na vijana huvaa sare moja tu, lakini hawawi timu.