Wakesho
Nairobi nikijitambulisha, utani ni uleule: "Wakesho? Basi mambo yako yote ni ya kesho." Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, ukazidi makali. Digrii ya kesho, mshahara wa kesho. Unacheka tu, utafanyaje.

Lakini kwetu Taita, kesho ni asubuhi. Kwa Kidawida, Wakesho ni msichana aliyezaliwa asubuhi, kama Wakio alivyo wa usiku, na mvulana wa usiku ni Mwakio. Wahispania nao wana neno moja, mañana, la asubuhi na la kesho. (Nao husemwa ni wa kuahirisha mambo, kwa hiyo sijui kama huo ni utetezi.)

Isitoshe, mimi nilizaliwa saa tisa mchana, hapa Voi, kwenye lile joto letu. Jina nimerithi kwa nyanya, mama wa baba, aliyezaliwa milimani kule Wundanyi. Hakuna aliyeandika tarehe. Kitambulisho chake kina sufuri kwenye siku, sufuri kwenye mwezi, halafu 1948, mwaka ambao karani alikisia.

Saa ndiyo ana hakika nayo.