Kuuzunguka Mji wa Gede

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi kwa barabara, akiwa amebakiwa na maili 10 hivi, hufika njia panda ya Gede, ambapo njia ya mkono wa kuume huelekea Watamu. Watu wengi hupita hapo kwa haraka, kwa kuwa hawaoni ila miti. Lakini ndani ya msitu huo mna mji mzima wenye misikiti, jumba la mtawala, makaburi na visima, na mtu mwenye nafasi ya asubuhi moja aweza kuuzunguka kwa miguu na kurudi pale pale alipoanzia.

Karibu na mwanzo wa njia liko kaburi lililoandikwa mwaka wa Hijra 802, yaani 1399. Si mbali nalo liko kaburi jingine, lenye nguzo iliyotiwa mifuo, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa pwani kwa wakubwa wao. Kisha mgeni hufika Msikiti Mkuu. Paa limekwisha anguka, lakini kibla kingalipo, na juu ya mlango mmoja umechongwa mkuki. Kando yake kuna kisima kirefu na mahali pa kutawadhia.

Nyuma ya msikiti ni jumba la mtawala, na jirani yake nyumba za matajiri, zenye nyua, vyumba vya ndani na vyoo. Bwana James Kirkman, aliyefukua magofu haya tangu 1948 hata 1958, alizipa nyumba majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mikasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kichina. Gede iko maili 4 kutoka baharini, wala haikuwa bandari, lakini bidhaa za Uchina na Bara Hindi ziliingia katika vyumba vyake.

Wageni wengi hurudi kutoka hapo, nao hawajauona mji. Afuataye njia mpaka nje ya ukuta wa ndani huingia msituni hasa, penye mibuyu, mikwaju na mizizi iliyokumbatia mawe. Kima huruka juu ya matawi, na mwenye kutembea kimya huenda akamwona sange akichakura majani makavu. Mgeni hudhani ametoka mjini. Sivyo. Mbele yake uko ukuta mwingine, wa nje, uliozunguka eka 45 hivi, na nyumba za mawe zilichukua sehemu tu ya nafasi hiyo. Kati ya kuta mbili walikaa watu wengi katika nyumba za udongo na makuti. Hao ndio waliolima na kuvua, waliochoma chokaa na kuchimba visima. Mvua iliziyeyusha nyumba zao, na leo hapana jiwe la kuwakumbusha. Lakini bila wao jumba la mtawala lisingalijengwa wala kulishwa.

Zamani waandishi walisema kwamba miji kama hii ilijengwa na wageni waliovuka bahari. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa ilikua mikononi mwa watu wa pwani wenyewe, ambao walifanya biashara na wageni, wakaoana nao na kushika dini ya Kiislamu. Kwa hiyo yeye atembeaye kati ya kuta hizi hatembei katika mji wa watu wengine.

Mapema katika karne ya 17 mji ulihamwa. Wachunguzi hutaja sababu kadha wa kadha: vita vya Wazimba mwaka 1589, kuhamia kwa mtawala wa Malindi kule Mombasa miaka michache baadaye, na kuja kwa Waoromo kutoka kaskazini. Lakini wametaja pia jambo ambalo kila mkulima atalielewa upesi, nalo ni kupungua kwa maji visimani. Kuta humzuia adui. Haziwezi kuyarudisha maji yaliyoshuka chini ya ardhi.

Hapo njia hurudi langoni. Kwa miaka mingi watu wa jirani hawakukata miti ya Gede ovyo, kwa kuwa waliamini kwamba mizimu ya wenye mji ingalimo, na heshima hiyo ilihifadhi mengi kabla ya sheria ya kwanza ya kuulinda mji, ya mwaka 1927. Mwaka 2024 UNESCO iliutia mji katika orodha ya urithi wa dunia. Mgeni atakaye kuyatazama mawe atatosheka kwa nusu saa. Atakaye kuwajua wenye mji, na aifuate njia mpaka ukuta wa nje.