Gugu Lisilotii Amri

Hapa kwetu Kiringye, katika bonde la Ruzizi, mpunga ndio ada ya shule, ndio dawa ya mgonjwa, ndio nguo ya sikukuu. Msimu uliopita jirani yangu mmoja, mama mjane, aliuza mbuzi wake akanunua dawa ya magugu iitwayo 2,4-D. Akanyunyiza shamba lote sawasawa, kama alivyozoea miaka mingi. Baada ya majuma mawili magugu mengi yalikuwa yamekauka. Lakini mengine machache ya aina ile ile yalisimama kati ya wafu, mabichi, yakianza kuchanua. Watu wakanong'ona. Hawa wakasema muuzaji ametia maji katika dawa. Wale wakataja jina la mtu, ati ndiye aliyeroga shamba. Maneno ya namna hiyo huvunja kijiji upesi. Yafaa basi tujue dawa hii inafanyaje kazi.

Kila mmea una vitu vidogo sana mwilini mwake vinavyotoa amri, navyo huitwa homoni. Moja ya homoni hizo ni oksini. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukua. Fikirini mfereji wetu wa maji. Langoni yupo mlinzi. Oksini ikifika, mlinzi huondolewa, maji hupita kwa kiasi. Kisha oksini huvunjwa, na mlinzi mwingine hushika zamu. Ndivyo mmea ukuavyo kwa taratibu.

Dawa ya 2,4-D, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1945, hujifanya oksini, lakini ndani ya gugu haivunjiki upesi. Lango hubaki wazi. Gugu hukua ovyo, shina hujipinda, majani hujikunja, mwisho hufa. Mpunga huweza kuivunja, na nyasi nyingi zilizo ndugu zake vivyo hivyo. Kwa hiyo msistaajabu mkiona nyasi zimesalia.

Lakini kati ya magugu maelfu huzaliwa moja lenye tofauti. Pengine mlinzi wake ni mkaidi, haondoki hata akiamriwa. Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walieleza jambo hilo katika gugu liitwalo kochia, lililoshinda dawa ya ukoo huu. Pengine gugu limejaliwa kuivunja dawa upesi, kama mpunga. Dawa haikulifundisha ukaidi; iliwaua jirani zake tu, ikaliachia shamba. Likazaa, na wanawe wakarithi.

Wala si jambo geni. Mwaka 1957 karoti-mwitu ya Kanada ilionekana kuishinda 2,4-D. Mwaka huo huo gugu moja la mashamba ya miwa ya Hawaii likafanya vivyo hivyo. Mwaka 1983 ikawa zamu ya gugu la mashamba ya mpunga huko Ufilipino, mahali dawa hiyo moja ilipotumiwa mfululizo.

Basi, kabla ya kutaja jina la mtu, tuende shambani tukatazame. Dawa ikiwa imetiwa maji, kwa kawaida magugu ya aina moja hudhoofika au hupona kwa pamoja. Yakifa mengi na kusalia moja moja, tushuku urithi wa gugu lenyewe. Tena kuongeza dawa si njia: ni kupoteza fedha na kuudhuru mpunga. Tupande mbegu safi, tutunze maji shambani, tubadilishe mazao pale inapowezekana, tusitegemee dawa moja kila msimu, wala jembe lisiachwe likashika kutu.

Na gugu lile lililosimama peke yake kati ya wafu, ling'oeni leo, kabla halijatoa mbegu. Mwakani halitakuwa gugu moja, litakuwa ukoo.